Kuchagua Mashine ya Umeme ya Kukatia Majani ya Nyumbani

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wenye nyumba na watunza bustani



Wazee wetu walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake twaijua sote. Mtu mvivu hupoteza asubuhi nzima akipima uzito wa majembe, na jua likipanda bado hajalima hata tuta moja. Neno hilo ni la kweli kwa jembe. Jembe likiwa zito kidogo au jepesi kidogo, halimwui mtu. Lakini leo nimekuja kuzungumza nanyi habari za chombo kingine, yaani mashine ya umeme ya kukatia majani. Chombo hiki kina kisu kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika moja, na mara nyingi hupata nguvu zake kwa waya uliolala juu ya majani. Kwa chombo cha namna hii, asiyechagua ndiye asiye mkulima.

Pengine mtu atauliza, majani ya uani yanaingiaje katika kitabu cha kilimo? Jibu ni kwamba uwanja wa majani ni shamba, na majani yenyewe ni zao. Hupandwa, hupaliliwa, hutiwa mbolea, na huvunwa kwa kukatwa. Faida zake si haba. Majani hushika udongo mvua isiuchukue, huzuia vumbi lisiingie nyumbani, huwapa watoto mahali pa kuchezea, na yakikatwa vizuri nyoka hapati pa kujificha. Basi kama kila zao lina njia yake ya kuvunwa, na majani nayo yana yake.

Mazungumzo yangu nimeyagawa katika mambo manne: majani, uwanja, umeme, na mtu. Mashine yenyewe nimeiweka mwisho. Watu wengi hufanya kinyume. Huanza dukani, wakavutiwa na rangi ya mashine, kisha wakarudi nayo nyumbani ndipo waanze kutafuta soketi.

JAMBO LA KWANZA: MAJANI

Kabla ya kutoa fedha, piga magoti uani uyatazame majani yako.

Katika sehemu za baridi, kama Arusha na Mbeya, huonekana sana majani ya Kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, na kutoka huku kwetu yalipelekwa Afrika Kusini, Australia na hata California. Hutambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi pia, na vikonyo vyake hulaliana hata vikawa kama godoro. Ukiyakanyaga, mguu wabonyea. Godoro hili huishinda mashine dhaifu: magurudumu huzama na kisu hukwama. Tena juu ni kijani, lakini chini ni vikonyo vitupu. Ukikata chini sana uwanja wote hugeuka rangi ya kahawia, nawe utangoja majuma kadhaa kabla haujapendeza tena. Majani haya yafaa kukatwa yabaki sentimeta 4 hadi 5.

Ukoka wa kawaida ni mwembamba zaidi. Hupenda jua, huvumilia ukame, na waweza kukatwa ukabaki sentimeta 2 hadi 4. Huko pwani, kama Tanga na Dar es Salaam, kuna pia majani yenye jani pana, yanayovumilia kivuli na chumvi ya bahari. Hayo yaachwe marefu, sentimeta 5 hadi 7.

Iko kanuni moja kwa majani yote: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Ukitaka yabaki sentimeta 4, yakate yafikapo sentimeta 6. Sababu yake ni hii. Jani ndilo jiko la mmea. Hapo ndipo chakula chake hupikwa kwa nguvu ya jua. Ukilivunja jiko lote, mizizi hushinda na njaa, na magugu hupata nafasi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama katika mashine yoyote ni kipimo chake cha urefu. Lazima iweze kupandishwa na kushushwa, na ifikie urefu unaotakiwa na majani yako. Mashine isiyopanda zaidi ya sentimeta 4 haifai kwa majani mapana ya pwani, hata ikiwa nzuri namna gani.

JAMBO LA PILI: UWANJA

Pima uwanja wako. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu meta moja. Zidisha urefu kwa upana, kisha utoe njia, miti na vitalu vya maua. Tuseme umepata meta 20 kwa meta 10, yaani meta mraba 200.

Muuzaji atakuambia kwamba mashine pana humaliza kazi upesi. Tupige hesabu. Mashine yenye upana wa sentimeta 32, kwa kuwa kila mstari lazima uingie kidogo katika mstari uliotangulia, hukata kama sentimeta 27 tu kila safari. Katika uwanja wetu msukumaji atatembea karibu meta 740. Mashine ya sentimeta 42 hukata kama sentimeta 36. Msukumaji atatembea karibu meta 555. Kwa mwendo wa taratibu wa meta 50 kwa dakika, mashine ndogo itachukua dakika 15 na ile kubwa dakika 11, bila kuhesabu kugeuka. Tofauti ni dakika nne! Kwa ajili ya dakika hizo nne utakuwa umenunua mashine nzito zaidi, ya bei kubwa zaidi, isiyoweza kupita kati ya mpapai na ukuta. Basi kwa uwanja usiozidi meta mraba 200 au 250, upana wa sentimeta 32 hadi 34 watosha.

Baada ya hayo, tazama kama uwanja ni sawa au una mashimo na mteremko, maana mashine ziko za namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya silinda. Hii ndiyo ya zamani kabisa, iliyobuniwa Uingereza na Edwin Budding mwaka 1830. Visu vyake hukata kama mkasi, na ukoka uliokatwa nayo hupendeza sana. Lakini yataka uwanja ulio sawa na majani mafupi, na kijiti kidogo huikwamisha. Nawaambia waziwazi, mwenye uwanja mdogo wa ukoka usiozidi meta mraba 100 hana haja ya umeme. Mashine ya silinda ya kusukuma kwa mikono itamtosha, na fedha zitakazobaki anunue mbolea.

Namna ya pili ina kisu kimoja kirefu kinachozunguka chini yake kama feni. Hii huyaweza majani marefu kidogo na uwanja usio sawa sana, na kwa nyumba nyingi ndiyo ifaayo.

Namna ya tatu haina magurudumu. Upepo wa feni yake huinyanyua kidogo, ikaelea juu ya majani. Ni nyepesi na yafaa kwenye mteremko mdogo, lakini aghalabu haikusanyi majani, na si rahisi kuiweka katika urefu mmoja.

JAMBO LA TATU: UMEME

Mashine za umeme ni za aina mbili, za waya na za betri.

Mashine ya waya ni ya bei nafuu, ni nyepesi, na haichoki maadamu umeme upo. Haili umeme mwingi. Mashine ya wati 1,400 ikifanya kazi nusu saa hutumia uniti 0.7 tu. Taabu yake ni huo waya. Pima kutoka kwenye soketi mpaka pembe ya mbali kabisa ya uwanja. Ikiwa ni zaidi ya meta 30, au ikiwa waya utapita katikati ya miti mingi, afadhali ufikirie betri.

Soma kibao cha mashine kabla ya kuinunua, hasa ikiwa imetumika. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Mashine ya soko la Japani ni ya volti 100, na ya soko la Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka hapa itaungua, na pengine kabla ya kuungua itamdhuru mtu.

Kadhalika tazama plagi. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na fyuzi imo ndani ya plagi. Nimewaona watu wenye mashine ya pini mbili za mviringo wakichokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ile iingie. Jambo hilo ni baya. Mwite fundi umeme afunge plagi iliyo sawa.

Waya wa kuongezea uwe wa kutumiwa nje, wenye nyuzi za shaba zisizopungua milimita mraba 1.5, na wenye rangi inayoonekana upesi juu ya majani, kama machungwa. Uwe mmoja mzima, usioungwa mahali. Ukiwa umezungushwa kwenye gurudumu lake, ukunjue wote kabla ya kuanza kazi, kwa maana waya uliokunjwa hupata joto na ngozi yake huyeyuka.

Sasa nataka mnisikilize sana. Watu wengi hudhani kwamba fyuzi itawaokoa. Sivyo. Fyuzi ya ampea 13 hungoja mpaka umeme uzidi ampea 13, lakini binadamu aweza kuuawa na umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Fyuzi hulinda waya, hailindi mtu. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kinachopima umeme unaokwenda na ule unaorudi. Ukipungua ule unaorudi, kifaa hiki hutambua kwamba umeme unavuja mahali, labda katika mwili wa mtu, nacho huukata katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwambie fundi umeme kwamba unataka kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Huwekwa katika sanduku la umeme la nyumba, na viko pia vya kuchomeka kwenye soketi. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila siku ya kukata majani. Kisipokata, usianze kazi.

Mashine ya betri haina waya wa kukanyaga. Nayo ina hesabu yake. Zidisha volti za betri kwa ampea-saa zake. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Ikiwa mota hutumia wati 400, betri hiyo itafanya kazi dakika 21 hivi, na majani yakiwa marefu au mazito muda utapungua zaidi. Kwa uwanja wetu wa meta mraba 200, wenye dakika 15 za kutembea pamoja na kugeuka, itatosha kwa shida. Mwenye uwanja mkubwa kuliko huo ahesabu bei ya betri ya pili.

Faida ya betri ni kwamba umeme ukikatika asubuhi ya kazi, betri iliyochajiwa jana itafanya kazi yako. Hasara yake ni bei, tena betri huchakaa baada ya miaka kadhaa ingawa mashine bado ni nzima. Usinunue kabla hujamwuliza muuzaji kama betri nyingine ya aina ile hupatikana mjini, na kwa bei gani. Wala usiiweke betri chini ya bati lenye joto kali, maana joto huifupishia maisha.

JAMBO LA NNE: MTU

Sasa nafika kwenye jambo ambalo halikuandikwa kwenye kibao chochote. Katika nyumba zetu nyingi, anayenunua mashine siye anayeisukuma. Mwenye nyumba huchagua, na mtunza bustani hutumia. Nitawaeleza yaliyonipata mimi, ingawa si habari ya kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashine ya waya iliyokwisha tumika. Niliipenda kwa sababu ilikuwa pana na bei yake ilikuwa ndogo. Waya wake haukufika mwisho wa uwanja, basi nikauunga na waya mwingine mwembamba, nikafunga tepu. Nilijiambia kwamba nitanunua waya mzuri mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwingine ukapita.

Mzee aliyenitunzia bustani aliwahi kuniambia kwamba mashine ni nzito na waya humsumbua. Nikamjibu kwamba atazoea. Asubuhi moja wakati wa masika, majani yakiwa bado na maji, aliinama kuusogeza waya, na mkono wake ukashika pale pale nilipounga. Akatupwa chini. Bahati njema mke wangu alikuwa mlangoni karibu na soketi, naye hakumkimbilia yule mzee. Alizima swichi kwanza. Ndiyo maana mzee yule yu hai.

Nilipokwenda nyumbani kwake kumpa pole, alinyosha kiganja chake kilichoungua, akasema kwa upole, "Bwana Shamba, mashine ulichagua wewe, lakini mkono ni wangu." Sikuwa na la kumjibu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Kwa hiyo, mwenye nyumba, siku ya kwenda dukani nenda pamoja na yule atakayesukuma. Mwache ainyanyue mashine aone uzito wake. Mwache ashike mpini. Uwe wa kurefushwa na kufupishwa, ufike karibu na kiuno chake bila yeye kuinama. Mwache asome maagizo, au asomewe kwa lugha anayoielewa. Tena mnunulie viatu vigumu vilivyofunika vidole. Mtu asikate majani peku au kwa kandambili. Bei ya viatu ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine.

UKIWA DUKANI

Ukisha kujua hayo manne, kuchagua si kazi ngumu. Hakikisha mambo haya:

1. Mashine isimame mara mtu aachiapo mpini, na isiweze kuwaka kwa kitufe kimoja peke yake kikiguswa kwa bahati mbaya.

2. Mashine ya waya iwe na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba imekingwa mara mbili umeme usimfikie mtu.

3. Visu vya akiba vipatikane, na fundi wa kuitengeneza awepo. Mashine ya bei rahisi isiyo na kisu cha akiba ni chuma cha kutupa.

4. Kipimo cha urefu kibadilike kwa urahisi, na kifikie urefu wa majani yako.

5. Sanduku la kukusanyia majani liondoke na kurudi bila kushindana nalo.

KUTUMIA NA KUTUNZA

Ngoja umande ukauke. Zungukia uwanja wote kwanza, uokote mawe, misumari, mifupa na vitu vya watoto vya kuchezea. Watoto na mbwa wakae mbali, au ndani ya nyumba. Anza kukata karibu na soketi, uende ukijitenga nayo, waya ukiwa nyuma yako au begani, juu ya sehemu iliyokwisha katwa. Kwenye mteremko, mashine ya magurudumu ipite kwa ubavu, si kwa kupanda na kushuka.

Majani yakikwama, achia mpini, ungoje kisu kisimame kabisa, kwa sababu huendelea kuzunguka sekunde kadhaa baada ya mota kuzimwa. Kisha chomoa plagi, au utoe betri. Hapo ndipo uipindue mashine, na uyatoe majani kwa kijiti, si kwa vidole. Waya ukikatwa, usiuguse. Kachomoe plagi kwanza. Na mtu akishikwa na umeme, usimguse hata akiwa mwanao. Zima umeme kwanza, ndipo umsaidie.

Kisu kinolewe baada ya kila saa 20 hadi 25 za kazi. Kisu butu hakikati, huchana; siku ya pili utaona ncha za majani zimekuwa nyeupe kama zilizounguzwa na jua. Mashine usiioshe kwa mpira wa maji. Ifute kwa kitambaa na uikwangue chini kwa kijiti.

Na majani yaliyokatwa usiyachome moto. Yakiwa mafupi, yaache pale pale uwanjani yaoze. Yaweza kurudisha hata robo moja ya mbolea inayotakiwa na uwanja wako. Yakiwa marefu, yapeleke kwenye shimo la mboji, au utandaze chini ya migomba.

Mabibi na Mabwana, nimefika mwisho. Mkisahau mengine yote, kumbukeni manne haya: tazama majani, pima uwanja, kagua umeme, mwulize msukumaji. Na ninyi mnaotumia waya wenye tepu kama ule wangu, msingoje mwisho wa mwezi. Ukateni leo mkirudi nyumbani, plagi ikiwa imekwisha chomolewa, mtupe vipande vyake.

Sasa niko tayari kujibu maswali yenu, na ningependa watunza bustani waanze.